Vikombe vya Wageni wa Asubuhi

Oktoba 12

Daftari hili nimelinunua Thornton Heath, hapa London, duka la karibu na stesheni, baada ya Yangkyi, binti wa mzee ninayemtunza, kunipigia simu kuniuliza ninaongea na nani jikoni. Nilikuwa naongea na sufuria. Ameweka kamera jikoni na sebuleni ili amwone baba yake akiwa kazini. Inaona tu, haisikii, lakini midomo yangu aliiona. Chumbani kwangu hakuna kamera. Basi mengine nitayasemea huku.

Mimi ni Zipporah, mtu wa Turbo, Kenya, niliyefundisha Kiswahili na fasihi hadi chaki ikanichosha. Sasa ni kea, mtunza wazee, kama tunavyoitwa sote hapa. Ninamtunza Mzee Ngodup, Mtibeti, mwandishi wa riwaya, umri wake unakaribia themanini na akili yake imeanza kuchujuka. Nalala hapa, nakula hapa, natoka Jumapili mchana peke yake. Kampuni iliyonileta haina mteja mwingine wa kunipa. Mzee akipelekwa nyumba ya wazee, kazi imekwisha, na kazi ikiisha visa nayo imekwisha. Dirisha langu hufunguka upana wa kiganja, kwa usalama wangu, nimeambiwa.

Oktoba 14

Mvua. Mzee amenitengenezea chai mwenyewe, ya chumvi na siagi, akaisaga kwenye blenda mpaka ikatoa povu. Nikanywa nusu kwa adabu, akaongeza. Nikanywa tena, akaongeza tena. Baadaye akanionea huruma, akanieleza: kikombe kikiachwa kimejaa, ndipo mwenyeji anajua umetosheka. Nimelala na tumbo la siagi.

Oktoba 15

Mvua.

Oktoba 18

Yangkyi amekuja kutoka Wembley. Ni mwanasheria, mwembamba, anaongea akiwa amesimama hata kiti kikiwepo. Amenipa riwaya ya baba yake kwa Kiingereza, *Hema la Upande wa Kivuli*, itakayochapwa upya majira ya machipuko. Inahusu kambi ya wafugaji wa yak, wale ng'ombe wa manyoya wa milimani, alimozaliwa Mzee. Wanajeshi wa China walipofika, yeye alikuwa mtoto, amepeleka kondoo upande wa pili wa mlima. Aliporudi, hapakuwa na wa kumwomba chakula.

"Humo ndani hakuna jina hata moja," Yangkyi aliniambia. "Ni Mwenye Kofia ya Mbweha, Mama wa Mapacha, Yule wa Kucheka. Nimemwomba miaka kumi anipe majina yao halisi, niyaweke mwanzoni mwa kitabu. Hataki. Sasa anaanza kusahau."

"Labda ndivyo anavyopenda kuandika," nilisema, mwalimu wa fasihi akinitoka mdomoni.

"Zipporah, wapo wanaosema lile lilikuwa bonde tupu. Hakukuwa na kambi, hakukuwa na watu. Mtu asiye na jina ni rahisi kusema hakuwepo. Wewe unakaa naye siku nzima. Nisaidie."

Nilimwelewa kabisa. Nikamwambia nitajaribu, na nilimaanisha.

Oktoba 20

Kwenye mafunzo ya kampuni tuliambiwa: mtu anayesahau, mtajie majina, mwonyeshe picha, rudia kila siku. Nimetengeneza ubao. Juu nimebandika picha ya marehemu mke wa Mzee, Lhakyi, na ya kaka yake aliyefia India, na majina yao kwa herufi kubwa. Nimeuweka mbele ya kiti chake. Tukianza na hao, nilijiambia, wale wa kambini watafuata wenyewe.

Tena kwetu jina ndilo humrudisha mtu. Ndugu yangu Hillary aliuawa Turbo ilipoungua, ile Januari ya baada ya uchaguzi. Mwanangu alipozaliwa nilimpa jina hilo palepale wodini, Mama akiwa amesimama dirishani, amenipa mgongo. Sasa kila mtoto anapoitwa kula, ndugu yangu naye anaitwa kula. Hilo ndilo jambo moja maishani mwangu ambalo sijawahi kulitilia shaka.

Oktoba 21

"Mzee, huyu ni nani? Ni Lhakyi. Sema: Lhakyi."

Amegeuza uso.

Oktoba 23

Amegeuza uso. Nimesema kwa sauti zaidi, labda masikio.

Oktoba 26

Jumapili. Nilishuka Croydon kumwona Bijou, rafiki yangu Mkongo anayesafisha maofisi. Tulikula chipsi kwenye kituo cha tramu, mbele ya lile jengo la uhamiaji. Bijou alikaa miaka mingi akiingia na kutoka humo kabla hajapata makaratasi, na hadi leo huligeuzia mgongo anapokula. Nilirudi kabla ya saa kumi na moja. Nilipofungua mlango, ubao ulikuwa umefunikwa na kofia ya Mzee.

Nimeitoa kofia. Nimemvalisha.

Oktoba 30

Mvua. Hajala uji. Nimemtajia Lhakyi mara tatu, kwa upole.

Novemba 3

Hali chakula. Anakunywa maji tu. Daktari amepima kila kitu, hakuona kitu. Ameketi ameipa mgongo sebule nzima, anatazama ukuta ambao hauna hata msumari. Nikimwita haitiki.

Novemba 6

Yangkyi amekuja siku ya kazi, jambo ambalo si kawaida yake. Tuliongea jikoni.

"Daktari alisema nyumbani ndiko kumbukumbu hukaa. Ndiyo maana nimemwacha hapa. Kama haongei tena na hali chakula, namweka hapa kwa faida gani? Afadhali kwenye nyumba ya wazee, kuna wauguzi."

"Nipe wiki mbili," nilisema.

Alinitazama na nikajua amejua ninaomba kwa ajili ya nani. Nilimwonea haya, kisha nikamkasirikia kwa kunitia haya. Yeye akikosea ana kwao hapahapa. Mimi nikikosea narudi Turbo na sanduku, na ada ya Hillary hatailipa mtu. Nimezunguka chumba changu, hatua chache nimefika ukutani, nikageuka, nikafika ukutani.

Novemba 9

Leo sikwenda Croydon. Mvua, na sikuwa na uso wa kumwonyesha Bijou. Nilijilaza na riwaya ya Mzee, ambayo hadi sasa nilikuwa naisoma kwa kusinzia. Kama mwanafunzi wangu angeniletea insha yenye wahusika wasio na majina, ningemrudishia na wino mwekundu. Nikafika sura ya saba. Nainakili hapa kwa Kiswahili changu:

"Mtoto aliita jina la bibi yake mbele ya meko, kwa sauti, kama anayeomba maji. Mama akanyanyua birika akamwaga chai yote nje ya hema. Hakumchapa. Alisema: Umemwita. Alikuwa amekwisha kufika mbali. Sasa amesimama njiani, anaangalia nyuma, na huko kuna baridi."

Nilisoma mara mbili, nikaketi, nikashika kichwa. Wiki tatu! Wiki tatu kila asubuhi nimemsimamisha mke wa mtu njiani, kwenye baridi, na kumwambia mumewe atazame. Na nilipoona anaumia, niliongeza sauti.

Nilimpigia Yangkyi. "Je, baba yako huwa anataja jina la mama yako?"

Akafikiri. "Sijamsikia tangu mazishi. Nilidhani ni uchungu tu."

"Ni mwiko. Marehemu hatajwi. Uko kwenye kitabu, sura ya saba."

Akasema, polepole, "Nilikisoma nikiwa chuo. Nilidhani ni hadithi."

Nimeushusha ubao. Nimepiga magoti mbele ya kile kiti chake kinachotazama ukuta nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Kwetu tunaita. Sikujua kwenu hamwiti." Jina la mke wake nimeliandika huko nyuma. Hapa mbele sitaliandika.

Novemba 10

Amegeuza kiti mwenyewe.

Akaomba unga wao wa shayiri iliyokaangwa, akamiminia chai na siagi, akaanza kuukanda ndani ya bakuli kwa vidole. Akanimegea tonge. Nilikula kama ninavyokula ugali, nikabonyeza kidogo kwa dole gumba bila kufikiri. Akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. "Nani alikufundisha?" aliuliza.

"Mama," nilisema.

Nimeenda msalani kulia, kwani huko pia hakuna kamera.

Novemba 17

Mvua. Amekula.

Novemba 24

Mvua. Amekula. Yangkyi hajataja nyumba ya wazee.

Desemba 2

Leo baada ya kifungua kinywa Mzee aliinuka, akavaa kofia, akatazama mlango wa sebule na kuinamisha kichwa kama mtu anayepokea wageni. Hakukuwa na mtu. Alisema maneno ya kwao, akacheka, akaonyesha kochi. Kisha akanigeukia kwa Kiingereza chake, "Unasimama nini? Watu wametoka mbali. Leta chai."

Nilileta. Kikombe kimoja hakikutosha. Nilileta vyote vilivyokuwa kabatini, hata kile cha kuoshea brashi. Akanitambulisha kwa kila mmoja, mkubwa kwanza, akitaja jina na kazi: huyu ana farasi mbaya, huyu mkewe ana mimba, huyu usimpe siagi nyingi anaharisha. Nami nikainamisha kichwa kwa kila jina, maana ningefanya nini?

Ni wakati wa kuosha vyombo ndipo nilipoelewa: ni watu wa kambini. Mwiko haujavunjwa. Kwake hawa hawajafa. Wamekuja kunywa chai.

Desemba 3

Wamekuja tena.

Desemba 5

Wamekuja. Yule mwenye farasi mbaya amechelewa, Mzee akamngoja. Nimeshaanza kuwajua kama majirani. Najua nani hukaa wapi kwenye kochi, na nilimkemea mtu wa kuleta maziwa alipotaka kuketi pa mama mwenye mimba. Asubuhi hizi Mzee ni mwenyeji hasa, amenyooka, ana kwao. Mchana akili inaondoka na wao, anabaki ananiuliza treni ya kwenda nyumbani ni saa ngapi.

Desemba 7

Nimemwambia Bijou. Tulikuwa chini ya kibanda cha tramu, mvua inapiga bati.

"Weye Zipporah uko na shida gani?" alisema. "Muambie ule mudada ile majina, akuwekee neno kwa kampuni, ubakie. Bale batu bamekufa. Habawezi kuumia tena."

"Na kwenu? Mnawataja wenu?"

Bijou ni wa huko Kivu, na sijawahi kumuuliza. Aliikunja karatasi ya chipsi ikawa ndogo, akaikunja tena. "Kwetu tukisema majina ya bote," alisema, "misa haitaisha."

Desemba 13

Nilijua siku hii itafika. Yangkyi amekuja na alianza kabla hajavua koti.

"Namwona kwenye kamera kila asubuhi. Anaongea, wewe unainama. Vikombe kila mahali. Anasema nini?"

"Anakumbuka wageni," nilisema.

"Anawataja?"

Sikujibu haraka, na huko kuchelewa kulikuwa jibu. Alikaa kwenye kiti. Sikuwahi kumwona akikaa.

"Zipporah, weka simu mezani, bonyeza kurekodi, ondoka. Hutahitaji kusema lolote. Nakuahidi Baba atabaki hapa mpaka mwisho wake, na wewe pamoja naye. Nitaiandikia kampuni kesho."

Wallahi nilitaka. Nauandika ukweli kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia: nilitaka sana. Nilimwona Hillary na sare mpya. Nikasema nitafanya.

Desemba 14

Nimeweka simu mezani kati ya vikombe. Wageni wameingia. Mzee alifika mwisho wa orodha yake ya kupokea, akaiona simu, akaniuliza, "Na huyu ni nani?"

"Si mtu, Mzee."

"Basi kiondoe. Hapo ni pa dada yangu."

Nimeiondoa. Sikuwa nimebonyeza. Nilikuwa nimekiweka kidole juu ya kile kitufe chekundu tangu mgeni wa kwanza, na hakikushuka.

Jioni nilimwambia Yangkyi kwamba ni kunung'unika tu, hakuna linaloeleweka. Alishusha pumzi kwenye simu. Hajaiandikia kampuni. Nami sikuuliza.

Desemba 25

Mvua. Krismasi ya watu wawili. Nimechemsha kuku, Mzee amekula ngozi yote.

Januari 4

Nimempigia Mama. Ni Januari, na kila Januari nyumba ya Turbo hunyamaza bila mtu kusema kwa nini. Nilimuuliza habari za ng'ombe, za goti lake. Nikamwomba nisalimie mtoto.

"Ngoja nimwite," akasema. Nikamsikia akienda mlangoni na ndara zake. "Baba! Wee Baba! Kuja, mama yako yuko kwa simu."

Baba. Ndivyo anavyomwita. Ndivyo amemwita siku zote, na nilichukulia ni mahaba ya kukhu, yaani bibi. Nilisimama katikati ya chumba changu nikipekua miaka yote kichwani, likizo zote, simu zote. Baba. Mzee. Kijana wetu. Mjukuu. Sijapata hata mara moja aliyosema Hillary.

"Mama," nilisema, "mbona hujawahi kumwita kwa jina lake?"

Nilisikia ndara zikirudi kutoka mlangoni.

"Nikiliita," alisema hatimaye, "nangoja ile sauti ingine iitike."

Mtoto alikuja kwenye simu akanisalimia, sauti imekuwa nzito, inakaribia kuvunjika, na mimi nikamuuliza kama amekula.

Januari 5

Sijalala vizuri. Nilijiona mwerevu, mtu wa kuita, dhidi ya wazee wa kunyamaza. Kumbe yule mwanamke alinipa mgongo wodini si kwa baridi ya dirisha. Nimemsimamishia mwanawe njiani tangu siku ile, na yeye amempikia mwenye jina kila siku bila kunilaumu. Nina hasira naye kwa kutoniambia. Nina hasira zaidi na mimi.

Januari 10

Yangkyi alikuja mapema leo, wageni wakiwa bado wanaingia. Mzee alipomwona mlangoni uso ulimfunguka. Akamwita jina, lile la mwisho wa orodha yake, la dada yake aliyekuwa mdogo, na akamuuliza kitu kwa lahaja ya kambini, ambayo Yangkyi haijui vizuri. Hata mimi nililijua swali, huuliza kila siku na aliwahi kunitafsiria: umewafunga ndama?

"Pala, ni mimi, Yangkyi," alisema. Pala ndiyo Baba kwao, kwa heshima. "Yangkyi. Binti yako."

Uso wa Mzee ukafungika. Akatazama kochi, akatazama vikombe. Hakukuwa na mtu tena. Alivua kofia.

Yangkyi alinigeukia, "Amenichanganya na nani?"

Miaka kumi anatafuta majina, na moja limemwangukia mkononi, akalirudisha. Ningeweza kumwambia. "Sijui," nilisema. Ni uongo wangu wa pili kwake na huu umenikaa vibaya.

Januari 16

Mvua. Hawakuja.

Januari 20

Hawakuja. Mzee hakai kitini, amelala. Nampa chai kwa kijiko. Anaiacha mdomoni.

Januari 27

Theluji kidogo, ikageuka mvua. Yangkyi amehamia hapa, analala sebuleni kwenye kochi la wageni. Hajui amelala pa nani.

Januari 29

Ameondoka asubuhi, kabla ya chai. Yangkyi alikuwa ameshika mkono mmoja, mimi mwingine. Mwishoni alifungua macho akautazama mlango, akajaribu kuinamisha kichwa.

Nilimiminia wageni vikombe vyote, nikaviacha vimejaa.

Kuanzia hapa sitaliandika jina lake. Nitamwita Mpika Chai.

Februari 3

Watawa wawili wamekuja kumsomea sala. Taa ya siagi inawaka chini ya kengele ya moshi, tumeifunika kengele kwa kofia ya kuogea. Kampuni imepiga simu kunipa pole na kuniuliza chumba nitakiacha lini.

Februari 8

Bijou amenipikia sombe, majani ya muhogo ya kwao. Hakuniuliza kitu kuhusu majina. Aliniambia kuna godoro kwake, sakafuni, mvua ikizidi.

Februari 14

Yangkyi alikuwa anapanga nguo za baba yake. Alisema bila kugeuka, "Mhariri anataka kila kitu mwisho wa mwezi. Nitamwambia hakuna majina. Yameondoka naye."

Nilikuwa nimeshika fulana. Nikaikunja. Nikaikunjua.

"Hayajaondoka," nilisema. "Ninayo."

Aligeuka. Nilimwambia yote: wageni, vikombe, simu ambayo sikuibonyeza. Nilimwambia hata ya Januari kumi, ingawa si jina lenyewe. Alinisikiliza uso umempauka.

"Ulinidanganya. Ulikuwa nyumbani mwangu ukanidanganya."

"Ndiyo."

"Kwa nini unaniambia sasa?"

"Kwa sababu mtu wa mwisho anayewajua ni mimi, mtu wa Turbo, na huenda mwezi ujao sipo. Siwezi kuwabeba peke yangu."

"Basi niandikie."

"Hilo siwezi."

Alitoka. Mlango wa mbele ulibamizwa mpaka taa ya siagi ikayumba. Nimekaa chumbani nikisikiliza mvua na kurudia majina kimoyomoyo, mkubwa kwanza, nisije nikaruka mtu. Mwili mmoja una watu wengi mno. Naogopa kuugua homa, naogopa kugongwa na basi.

Februari 18

Leo ni mwaka mpya wao. Nyumba yenye msiba haisherehekei. Yangkyi alirudi asubuhi, macho yamevimba, akaketi jikoni bila kuambiwa.

"Nimesoma sura ya saba tena," alisema. "Nikiyaweka mbele ya kitabu, nimewasimamisha wote kwenye baridi. Nisipoyaweka, hawakuwepo. Nifanye nini, Zipporah? Wewe umefundisha vitabu."

"Sijui," nilisema, na safari hii ulikuwa ukweli. "Sijui hata kama ninalotaka kufanya ni halali kwenu. Lakini yeye hakuwataja kama wafu. Aliwaita kama watu, waitike. Acha niwaite mara moja, na kila nikiita, pawe na mtu hai wa kuitika."

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Tulihamia sebuleni. Nilipanga vikombe kama alivyokuwa akivipanga. Chai tuliitengeneza pamoja, ikatoka na chumvi nyingi. Yangkyi alichukua kofia ya baba yake akaipakata. Kamera ilikuwa inatutazama. Alinyanyuka akachomoa waya.

"Niitike vipi?"

"Kwetu ni abee. Wewe itika kama kwenu."

"La," alisema. "Pala akiitwa alikuwa anasema la." Kwetu neno hilo ni kukataa, kwao ni kuitika kwa heshima.

Nikasimama aliposimama Mpika Chai, nikatazama mlango, nikaita wa kwanza, mwenye farasi mbaya. Sauti yangu ilikuwa ndogo, kama ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. Yangkyi akaitika: la. Nikaita mke wake. La. Nikaita Mama wa Mapacha kwa jina lake, kisha mapacha. La. La. Mwenye mimba. La. Yule wa Kucheka, na Yangkyi akacheka kidogo huku machozi yanamwagika, akaitika. Sikuruka mtu. Ndimi zetu zote mbili ziliharibu matamshi na hakuna aliyelalamika.

Nikafika la mwisho, la dada yake Mpika Chai. Nilisema nusu.

Yangkyi aliinua kichwa. "Hilo," alisema. "Aliniita hilo. Mimi nikamkatiza."

"Alikuuliza kama umewafunga ndama."

Aliigeuza kofia mapajani. Nikaliita tena, lote.

"La," alisema. Kisha akasema maneno mengine ya kwao, polepole, akiyatafuta. Nikamuuliza maana yake. "Nimewafunga," alisema.

Hapa siandiki hata moja. Yangkyi naye hakuandika. Amempigia mhariri akamwambia kitabu kitoke kama baba yake alivyokiandika.

Februari 20

Yangkyi amenipeleka Wembley kwenye nyumba ya wazee inayoruhusiwa kuajiri watu wa visa. Msimamizi, mama mmoja anayeitwa Indu, aliniuliza maswali mengi na hakuahidi kitu. Huenda wakanichukua, huenda wasinichukue. Nimefunga sanduku hata hivyo. Kwenye basi Yangkyi alirudia majina akitazama nje, akakosea la tatu. Nilimsahihisha sikioni.

Februari 22

Mvua. Nimekaa juu ya sanduku nikampigia Mama. Nimemsimulia yote, Mpika Chai na wageni, na binti aliyeitikia ukoo mzima. Mama huwa ananikatiza kuuliza bei ya vitu, leo hakunikatiza. Nilipomaliza sikumwomba kitu. Nilisema tu, nisalimie mtoto.

"Ngoja nimwite," akasema.

Nikasikia ndara zikienda mlangoni. Nikasikia mlango. Akavuta pumzi, nikangoja ile "Baba" yake, haikuja. Kuku walilia mahali.

"Hillary!"

Ilitoka imekwaruza, kama kitu kilichokaa kabatini miaka. Halafu kwa mbali, kutoka kwa ng'ombe, ile sauti nzito inayokaribia kuvunjika:

"Naam, kukhu!"

Mama alirudi kwenye simu. Nilimsikia akipumua.

"Ameitika," alisema.